Somo: Unanunua depo yenye jina la kampuni? Kagua haya kabla hujatoa hela

Habari za asubuhi wana kusini. Wiki iliyopita niliahidi somo hili, nikazidiwa na mzigo. Leo gari limechelewa kuingia, nimekaa ghalani nasubiri, basi tuanze.

Kwa wasionifahamu, nina depo ya soda na maji Masasi. Sikuianzisha mimi. Niliikuta inatembea, nikainunua kwa mtu. Kwa hiyo naongelea biashara ya aina hiyo: depo ya vinywaji, kituo cha mafuta, duka la gesi, mgahawa wa kuku wenye nembo iliyotoka Dar, chochote ambacho jina lililoandikwa juu ya mlango si la mwenye duka. Wasomi wanaiita franchaizi. Sisi tunasema "nimepata uwakala", yameisha. Kisheria havifanani kila mara, ila ukinunua mkononi mwa mtu, mitego ni ileile.

Hatua ya 1: Jua anauza nini hasa

Hapa ndipo wengi tunapoumia, na ndiyo maana nimepaweka mwanzo. Anayekuuzia depo hana jina, ameazimwa. Hana eneo, amepangiwa. Yeye amekalia kiti cha watu, na wewe unataka kumlipa kilemba, yaani hela ya jina na wateja aliowajenga, akupishe. Swali la kwanza si "bei gani". Swali la kwanza ni "mkataba wako na kampuni uko wapi, niusome".

Usome mwenyewe, usisomewe. Tafuta unaisha lini. Mtu aliyebakiza miezi mitano anakuuzia miezi mitano, hata akisema "huwa wanahuisha tu". Tafuta kipengele cha kuhamisha: wengi wameandikiwa kwamba mkataba hauhamishwi bila kibali cha kampuni cha maandishi. Angalia eneo lake limeandikwa vipi, maana "Masasi" na "Masasi mjini" ni mikate miwili tofauti. Eneo la Ndanda na Chikundi linaweza kuwa la mwingine. Angalia lengo la mauzo la mwezi na adhabu ya kutolifikia. Angalia amana aliyoiweka kwenye kampuni, kama inarudi kwake au inabaki na wewe unamfidia. Na angalia kama kampuni inaweza kukudai upake rangi upya, ubadilishe mabango au ununue gari la aina fulani siku ukishika wewe. Gharama hiyo muuzaji hakutajii, na si kwamba anadanganya. Hujamuuliza.

Marekani, anayeuza franchaizi mpya analazimishwa na kanuni ya tume yao ya biashara kumpa mnunuzi waraka wa vipengele 23, angalau siku 14 kabla ya kusaini au kulipa. Afrika Kusini, sheria yao ya mwaka 2008 ya kumlinda mlaji inampa aliyesaini siku 10 za kazi za kujitoa. Tanzania hatuna sheria maalumu ya franchaizi. Tuna Sheria ya Mikataba, kwa hiyo kilichoandikwa ndicho kitakachokushika shati. Waraka wa vipengele 23 itabidi ujitengenezee mwenyewe kwa kuuliza.

Hatua ya 2: Nenda kwa mwenye jina, mkiwa wawili

Mwambie muuzaji mwende pamoja kwa meneja wa kampuni wa kanda. Akikataa, akisema "tumalizane kwanza sisi, kampuni nitawaambia baadaye", nyanyuka, mshukuru kwa chai, ondoka. Mwenye kiti hajui kama kinauzwa.

Ukifika kwa meneja uliza matatu. Wananikubali? Huyu bwana anadaiwa kiasi gani mpaka leo? Na kuna mpango wa kuweka msambazaji mwingine karibu? Hilo la tatu watu hawaliulizi. Omba majibu kwa barua au barua pepe, maana meneja akihamishwa Mwanza, maneno yake yanapanda naye basi.

Hatua ya 3: Hesabu za kusini zina misimu, usikague Novemba

Sehemu hii naomba isomwe mara mbili.

Muuzaji mjanja wa Mtwara na Lindi anauza biashara yake Novemba au Desemba. Minada ya korosho imeanza Oktoba, wakulima wamelipwa kupitia vyama vya ushirika, bodaboda mpya zinang'aa bila namba, soda inaondoka kabla haijapoa. Unakaa siku mbili dukani kwake, unaona kwa macho yako, unaamini. Umeona kweli. Ila umeona msimu, biashara hujaiona.

Chukua mfano huu, namba ni za kufundishia tu. Kreti moja inakuachia shilingi 1,000. Novemba anauza kreti 3,000. Anakwambia "mara 12", milioni 36 kwa mwaka. Sasa gharama: pango 400,000, vijana watatu 750,000, mafuta na matengenezo ya kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) 350,000, umeme, mlinzi na vidogovidogo 150,000. Jumla 1,650,000 kwa mwezi, milioni 19.8 kwa mwaka. Kwa hesabu yake unabaki na milioni 16.2. Unaona umeukata.

Rudi kwenye ukweli wetu. Oktoba mpaka Januari, miezi minne, kreti 3,000 kila mwezi, ni 12,000. Miezi minane iliyobaki wastani wa kreti 1,100, ni 8,800. Jumla 20,800, yaani milioni 20.8. Toa gharama zilezile. Unabaki na milioni moja, kwa mwaka mzima. Duka lilelile, muuzaji yuleyule, wala hajadanganya kuhusu Novemba.

Kwa hiyo dai miaka mitatu, mwezi kwa mwezi. Mmoja hautoshi kwa sababu korosho zenyewe hazitulii. Msimu wa 2018/2019 wanunuzi waligomea bei, serikali ikaamua kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likabeba mzigo. Malipo yalichelewa kwa watu wengi, na maduka tuliisikia hiyo. Msimu wa 2024/2025 minada ya mwanzo ilivuka shilingi 4,000. Anayekuonyesha daftari la mwaka huo peke yake anakuonyesha picha ya harusi. Na usilinganishe Machi na Machi kichwakichwa: Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na mchana wa mfungo pwani yetu soda inalala. Vilevile Mei 2024 barabara ya Dar ilikatika maeneo ya Somanga, magari yakakwama. Ukikuta mwezi huo umeanguka, muuzaji hana kosa.

Hizo namba unazitoa wapi? Daftari lake ni la mwisho kuangalia. Anza na ankara za kampuni, kreti ngapi aliletewa kila mwezi. Mtu hawezi kuuza asicholetewa. Halafu ripoti za Z za mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi; zinaonyesha mauzo ya kila siku. Halafu taarifa ya benki na ya lipa namba. Vitatu hivi vikikaribiana, hesabu ni ya kweli. Vikipishana sana, kuna mawili: anakwepa kodi au anakudanganya wewe. Lile la kwanza atakwambia kwa sauti ya chini, huku anatabasamu, "si unajua mambo ya TRA". Mjibu kwamba unalipia kilichoandikwa. Akitaka ulipie mauzo aliyoyaficha, ayafichue.

Hatua ya 4: Hesabu mali kwa mkono

Sasa niwasimulie aibu yangu.

Siku ya kukabidhiana tulisimama mlangoni mwa ghala. Kreti za chupa tupu zilipangwa vizuri kama ukuta, zimeegemea kona. Kumi kwa upana, nane kwenda juu, na pembeni nikaona safu sita kwenda ndani. Nikapiga kichwani: 480. Nikaandika 480, nikalipia 480, tukapeana mikono.

Siku ya tatu kijana wa mkokoteni alipanda juu kuchukua za nyuma. Kreti nane kwenda juu zinampita mtu mzima kimo, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuona kule. Nikamsikia kimya. Halafu: "Bosi, huku nyuma kuna shimo."

Safu mbili za mbele ndizo zilikuwa nane kwenda juu. Nne za nyuma zilikuwa tatu tu. Zile za pembeni nilizoziona zilisimamishwa juu ya mbao na maboksi. Tulihesabu moja moja na kukuta 280 na hizo chache za pembeni zikiwa ndani yake. Nililipia kreti hewa 200. Na katika zilizokuwepo, ukipitisha kidole shingoni mwa chupa unakuta zilizomeguka, ambazo kiwanda hakipokei, na nyingine za kampuni pinzani kabisa.

Basi: vunja rundo. Lipange upya mkiwa mnaangalia wote, kreti moja moja, mmoja anahesabu na mwingine anaandika. Ni kazi ya siku nzima, nunua mihogo na chai ya vijana, fanya.

Kwenye friji kuwa makini. Muuzaji wangu aliorodhesha friji 14 zilizoko kwenye maduka ya wateja kama mali yake. Friji zenye nembo karibu zote ni za kampuni, zina namba za utambulisho ubavuni. Alichonacho ni karatasi ya kuzitunza, na zikipotea anazilipa. Yaani alikuwa ananiuzia deni, mimi nalihesabu kama mali. Zungukeni dukani kwa duka mzione.

Gari: kadi ina jina la nani, na ingiza namba yake kwenye mfumo wa faini za barabarani. Dakika tano.

Hatua ya 5: Madeni, ya ndani na ya nje

Uliza kwanza kama unanunua kampuni au unanunua vitu. Ukinunua hisa za kampuni, umeoa na watoto: kodi za nyuma, kesi, mikopo, vyote vinakuja. Fanya upekuzi BRELA, kwa wasajili wa kampuni, uone wanahisa ni nani na kama kuna rehani ya benki imesajiliwa. Ukinunua vitu tu, yaani mzigo, kreti, gari na kilemba, madeni mengi yanabaki kwake, mradi muandike hivyo. Kwa sisi wadogo napendelea hii ya pili. Unafungua kwa TIN yako na leseni yako kutoka halmashauri. Usikubali "tumia leseni yangu mpaka iishe".

Mwombe hati ya kutodaiwa kodi kutoka TRA, risiti za NSSF za wafanyakazi, ushuru wa huduma na ada za mabango za halmashauri. Kwenye pango muulize kama alikuwa anakata ile asilimia 10 ya kodi ya zuio na kuipeleka TRA, maana wapangaji wengi hawajui kwamba ni jukumu lao.

Halafu kuna mali kauli, daftari la wateja waliokopeshwa. Muuzaji atataka ulinunue: "watu wananidai kidogo, mimi nawadai milioni sita". Usilipe hata mia. Chukua daftari kama wakala wake, utakachokusanya ndani ya miezi mitatu mgawane. Utashangaa linavyosinyaa.

Hatua ya 6: Mwenye fremu

Fupi. Mkataba wa pango hauhami na kufuli. Onana na mwenye nyumba, saini mkataba wako, muda usiopungua ule wa mkataba wa kampuni. Kama ghala liko kwenye kiwanja chenye nyumba ya familia na linauzwa pamoja, mke au mume lazima aridhie kwa maandishi.

Hatua ya 7: Kuandikishana na kulipa

Kwa wakili, si kwa mwenyekiti wa mtaa peke yake. Mwenyekiti awe shahidi, anawafahamu wote. Hela usitoe kwa mkupuo. Mimi leo ningegawa mafungu matatu: dogo la kuonyesha nia, linalorudi kampuni ikikukataa, kubwa siku ya makabidhiano baada ya kuhesabu, na la mwisho, angalau sehemu ya tano, baada ya siku 60, likikatwa deni lolote lililojitokeza. Mwandike pia kwamba hatafungua biashara ileile eneo lile kwa muda mtakaokubaliana. Sheria yetu inalitambua katazo la namna hiyo pale mtu anapouza kilemba, likiwa la kiasi, ndani ya mipaka inayoeleweka.

Karibuni maswali.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama lishe, Nachingwea: Shikamoo kaka. Kuna mgahawa wenye jina kubwa nautaka, ila mwenyewe anasema hesabu ni siri ya biashara, nimwamini tu kwa sababu ni jirani yetu miaka mingi. Nifanyeje bila kumkwaza?

Marahaba dada. Mwambie mume wako au kaka yako ndiye mkali, wewe huna neno, ila hatoi hela bila kuona karatasi. Uongo mdogo wa heshima. Muandikishane karatasi ya kutunza siri, akitaka. Akigoma bado, kaa mgahawani kwake kwa wiki mbili, siku za gulio na zisizo za gulio, hesabu sahani. Kisha muulize muuza kuku anampelekea wangapi. Muuza kuku hana siri.

Kijana wa Lindi mjini: Mkubwa, duka la gesi hapa Lindi, muuzaji amepandisha kilemba karibu mara mbili, anasema mradi wa gesi wa Likong'o ukianza wageni watajaa. Ana hoja?

Ana hoja, ila hoja hiyo si mali yake. Mradi ukija utakuja kwa yeyote atakayekuwepo, wewe ukiwemo. Kumbuka Mtwara 2012 mpaka 2014, watu walivyojenga na kupandisha pango kwa ajili ya gesi. Bomba lilipokamilika 2015, gesi ikaenda Dar na nyumba zikabaki zinatafuta wapangaji. Mlipe kwa mitungi anayouza mwezi huu. Na mitungi yenyewe ihesabu kama kreti zangu: mitupu, iliyojaa, na ya nembo nyingine. Inyanyue, usiangalie tu. Mtungi mtupu na uliojaa vinafanana sana vikiwa vimesimama.

Mdau, Tandahimba: Mwenye depo alifariki mwaka jana. Mdogo wake ndiye anaendesha na ndiye anauza. Familia yote inamkubali.

Pole kwa msiba, lakini hapo simama. Kukubaliwa na familia hakumpi uwezo wa kuuza. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, omba barua yake. Na usome mkataba wa kampuni: mingi imeandikwa kwamba mwenye nao akifariki unakoma. Inawezekana kampuni inamvumilia mdogo mtu kwa huruma tu, na hakuna cha kukuhamishia.

Mhasibu mstaafu, Mtwara: Somo zuri, nina rekebisho. Umesema tuanze na ankara za kampuni, kana kwamba hazidanganyi. Zinadanganya. Msambazaji anayetaka kuuza anaweza kujaza ghala miezi mitatu ya mwisho ili ankara zipande. Lazima utoe kilichobaki ghalani. Pia mkumbushe mnunuzi kuhusu VAT: mauzo ya mwaka yakifika milioni 200 anatakiwa asajiliwe, na bei yake yote inabadilika.

Nimepigwa, nakubali mzee wangu. Mliosoma hatua ya 3, ongezeni hili: mzigo wa mwanzo, jumlisha alicholetewa, toa mzigo uliobaki. Hayo ndiyo mauzo.

Dada wa Newala: Wafanyakazi je? Nikinunua vitu tu, nawarithi?

Waendee kabla hujasaini, kwa ruhusa ya bosi wao, uwaulize wamefanya kazi miaka mingapi na kama NSSF wanakatwa. Njia safi ni muuzaji awalipe haki zao mpaka siku ya makabidhiano: mshahara, likizo, notisi, na kiinua mgongo kwa anayestahili, ambacho kima cha chini ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, kwa kiwango cha juu cha miaka kumi. Wasaini wamepokea, halafu wewe uwape mikataba mipya. Ukiruka hapo, miaka minane ya dereva itakuja kudaiwa mlangoni kwako, na dereva mwenyewe ndiye anayejua kila duka la njia ya Kitangali.

Kijana wa Lindi mjini: Mkubwa, hizo kreti 200 ulilipwa?

Mia na ishirini. Sikuwa nimebakiza fungu la mwisho, kwa hiyo nilienda kwake mara nne, mara ya tano nikaenda na shehe wa mtaa. Akasema alipangiwa na vijana, yeye hakujua. Alinirudishia kreti 120 alizokuwa amezihifadhi uani kwa shemeji yake. Gari langu ndilo hilo linapiga honi, nashuka kupokea mzigo. Wenye maswali mengine yaacheni hapa, jioni nitapita.